Amri ya Sita Darasani: Uhakiki wa Mafundisho Yetu ya Ujinsia katika Shule za Handeni na Korogwe

Katika Kiswahili cha mitaani maneno "amri ya sita" yameacha kuwa jina la amri, yamekuwa jina la tendo. Mtu akisema kwamba fulani amevunja amri ya sita, wasikilizaji hutabasamu na kuelewa, wala hakuna akumbukaye Katekisimu. Usemi huu umeenea hata umevuka mipaka ya madhehebu. Korogwe, ambako ndugu zetu Waanglikana wana historia ndefu tangu siku za misheni ya UMCA, mtoto wa Kianglikana hufundishwa kanisani kwake kwamba "Usizini" ni amri ya saba, kwa kuwa wao huzihesabu amri kwa mpango mwingine. Lakini akiwa uwanjani na wenzake, naye husema "amri ya sita" kama sisi na kama Wakatoliki, na wenzake Waislamu humwelewa mara moja. Sisi Walutheri tungeweza kujivunia kwamba hesabu yetu imeingia katika lugha ya taifa. Kwa maoni yangu ni afadhali tuone haya kidogo, maana amri iliyotolewa ili watu walindwe imekuwa tafsida ya kuchekea.

Makala haya yanakusudia kuhakiki jinsi amri hiyo inavyofundishwa kwa vijana wetu katika wilaya za Handeni na Korogwe: katika shule za kanisa, katika madarasa ya kipaimara, na katika kile kipindi cha dini ambacho wachungaji na wainjilisti hupewa katika shule za serikali. Sina nia ya kuhakiki tabia za wanafunzi. Wahakiki wa tabia za wanafunzi tunao wengi mno, na kila mkutano wa wazazi huwaongeza. Ninachohakiki ni mafundisho yenyewe: umbo lake, maneno yake, na hadithi za Biblia ambazo yanazipenda. Naona kwamba mafundisho haya yameiacha Katekisimu huku yakidhani kuwa yanaifuata, na kwamba anayelipa gharama ya kuachwa huko ni mtoto, hasa yule ambaye tayari ametendewa uovu.

Umbo la maelezo ya Luther

Kila aliyekariri Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 anaujua mtindo wa Luther. Baada ya kila amri huuliza maana yake, kisha hujibu kwa kuanza na kumcha na kumpenda Mungu. Ukiiacha amri ya kwanza, ambayo ni msingi wa zote, maelezo mengine huwa na pande mbili: kwanza yale tusiyopaswa kuyatenda, halafu yale tunayopaswa kuyatenda. Ndivyo ilivyo katika amri ya tano, ambapo hatupaswi kumdhuru jirani bali kumsaidia katika mahitaji ya mwili. Ndivyo ilivyo katika ya saba juu ya mali yake, na katika ya nane juu ya jina lake jema.

Katika amri ya sita upande wa kwanza haupo. Luther, mtu ambaye hakuwa mvivu wa kukemea, hapa hakuorodhesha katazo hata moja. Anataja maisha safi katika maneno na katika matendo, anataja mume na mke kupendana na kuheshimiana, basi, amemaliza. Wanafunzi wengi wa theolojia hupita juu ya jambo hili bila kulitazama, kwa sababu tunaijua Katekisimu kwa moyo kuliko tunavyoijua kwa macho.

Sababu ya umbo hilo si ngumu kuipata. Luther aliandika akiwa amezungukwa na mafundisho yaliyouona mwili kuwa hatari na useja kuwa njia bora. Mwaka 1522, katika kitabu chake juu ya maisha ya ndoa, aliwatetea hata akina baba wafuao nguo za watoto wachanga huku majirani wakiwacheka, akisema kwamba Mungu na malaika huitazama kazi hiyo kwa furaha. Mwaka 1525 yeye mwenyewe alimwoa Katharina von Bora, aliyekuwa mtawa. Alipofika kwenye amri ya sita hakuona haja ya kuongeza ukuta mwingine kuuzunguka mwili. Alitaka kuonyesha kitu kinacholindwa na amri, ili anayesikia apende kukilinda.

Sasa na tulinganishe jambo hilo na kipindi chetu cha dini kama kinavyofundishwa kwa kawaida. Hapo upande wa makatazo ndio somo lote. Usivae hivi, usipite njia ile jioni, usipokee zawadi, usipande pikipiki ya mtu usiyemjua, usiandikiane ujumbe kwa simu. Baadhi ya maonyo haya ni ya busara. Yeyote aliyesimama stendi ya Mkata au Segera usiku, malori yakiwa yamepanga foleni, hawezi kumlaumu mwinjilisti kwa kumwonya binti asipite hapo peke yake. Lakini angalieni maonyo hayo yanaelekezwa kwa nani. Karibu yote yanamhusu msichana. Mvulana aliyekaa dawati la nyuma husikiliza kama mtu anayesikiliza tangazo la kijiji jirani, mpaka atakapotajiwa UKIMWI, na hapo huambiwa ajihadhari na wasichana.

Hili ni jambo la kushangaza kwa watu wenye Katekisimu inayosema juu ya maneno na matendo pamoja. Neno hilo moja, "maneno", lingetosha kwa kipindi kizima. Lingemgusa mvulana anayempigia mluzi binti aendaye kuchota maji na kumpa majina ya aibu. Lingemgusa mwalimu anayefanya mzaha juu ya mwili wa mwanafunzi mbele ya darasa. Lingemgusa hata mhubiri anayetaja mavazi ya mabinti madhabahuni kwa kirefu kisichohitajika. Vivyo hivyo neno "heshima". Katika Katekisimu heshima ni kitu ambacho mtu humpa mwenzake. Katika somo letu imekuwa kitu ambacho msichana anacho, ambacho anaweza kukipoteza, na ambacho akishakipoteza hana tena. Tunasema sana juu ya heshima ya msichana, na ni mara chache tunasema juu ya kumheshimu msichana. Ni badiliko dogo la sarufi, lakini lina uzito mkubwa katika maisha ya mtoto.

Maneno yanayofunga kinywa

Shida ya pili ni ya lugha, nami nitakaa hapa kidogo, maana ndipo ninapoona hatari kubwa zaidi.

Kwa kuogopa maneno makali, Kiswahili chetu cha kanisa kimechagua kusema "tendo la ndoa". Ni usemi mzuri ukitumika mahali pake, kwa watu waliooana. Lakini tumeutumia kwa kila jambo, hata tunasikia watu wakisema kwamba mtoto fulani alilazimishwa tendo la ndoa na mtu mzima. Hapo neno la ndoa limeitwa kuupa jina uhalifu. Mtoto aliyefundishwa kwamba jambo hilo ni la watu waliooana na kwamba nje ya ndoa ni dhambi, afanye nini na yale yaliyompata? Katika msamiati aliopewa hana pa kusimama ila katika dhambi.

Neno lingine ni "kunajisi". Sheria ya Tanzania ina neno la kubaka, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilisisitiza ukali wa kosa hilo. Hata hivyo katika mazungumzo, na katika Biblia ya Kiswahili tuliyoizoea, mtoto aliyebakwa "amenajisiwa". Wanafunzi wa Agano la Kale wanajua kwamba najisi ni neno la madhabahu: chombo chenye najisi hakiingii hekaluni mpaka kitakaswe. Tukilileta neno hilo darasani bila kulieleza, tunamwambia mtoto kwamba aliyetenda ametenda, lakini doa limebaki kwake. Kiswahili cha nyumbani huongeza mengine: ameharibiwa, amechezewa, kafanyiwa mchezo mbaya. Katika maneno hayo yote hakuna hata moja linalomtazama mtenda. Mtu aliyeharibu hana jina. Kilichoharibika ndicho kinachotajwa.

Nasema haya kwa sababu hatuzungumzi juu ya watoto wachache. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba Tanzania Bara karibu wasichana 3 kati ya kila 10, na mvulana 1 kati ya kila 7, walikuwa wamepata ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi wao hawakumwambia mtu, na wavulana walinyamaza zaidi kuliko wasichana. Mchungaji asimamaye mbele ya darasa la watoto 40 na kufundisha amri ya sita, asidhani kwamba anasema na watoto ambao jambo hilo bado liko mbali nao. Baadhi yao wanamsikiliza ili wajue kama wanaweza kusema. Akitumia maneno ya najisi na kuharibika, amekwisha kuwajibu kabla hawajauliza.

Wavulana nao wasisahauliwe. Kwa mvulana aliyetendewa vibaya, mafundisho yetu hayana neno lolote, wala la ukali wala la upole.

Mtu anaweza kuuliza kama Kiswahili kinayo maneno mengine. Kinayo. Mwalimu wa biolojia wa kidato cha tatu hutaja viungo vya uzazi kwa majina yake bila dari kuanguka. Muuguzi wa zahanati husema hedhi, ujauzito, magonjwa ya zinaa. Sheria husema kubaka, kulawiti, shambulio la aibu. Ni sisi wa kipindi cha dini tunaodhani kwamba Injili haiwezi kuyabeba maneno hayo, ilhali Injili hiyohiyo inaanza na mimba ya msichana mchumba na mwanamume mwadilifu anayefikiri namna ya kumwacha kwa siri.

Waliofundisha kabla yetu

Haifai kuzungumza hivi juu ya Handeni na Korogwe kana kwamba watu wa huko walikuwa wakingoja shule ndipo wafundishwe mambo ya balehe. Wazigua, Wasambaa na Wabondei walikuwa na jando na unyago wao, na padre Godfrey Dale wa UMCA aliandika juu ya desturi za Wabondei mapema kama mwaka 1896. Hans Cory, aliyefanya kazi serikalini wakati wa mkoloni, alitoa mwaka 1956 kitabu kizima juu ya sanamu ndogo za udongo zilizotumika kufundishia vijana katika sherehe hizo, na miongoni mwake zimo za pande hizi za Tanga. Kila sanamu ilikuwa na wimbo wake na fumbo lake, na mwali alionyeshwa, akaimbiwa, akaulizwa. Kama mbinu ya kufundishia, ni lazima tukiri kwamba ilizidi ubao na chaki.

Kuna jambo lingine ambalo sisi wa Katekisimu hatulitazami vya kutosha. Luther aliweka juu ya kila sehemu ya kitabu chake maelezo kwamba hivi ndivyo baba mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake. Lakini Wazigua huhesabiwa na wataalamu, kama T. O. Beidelman katika kitabu chake cha mwaka 1967, miongoni mwa makabila ya mashariki ya Tanzania yanayofuata ukoo wa mama. Katika ukoo wa namna hiyo mjomba na bibi wana neno kubwa, na baba kukaa na binti yake aliyevunja ungo akamweleza mambo haya ni kumvunjia adabu. Kazi hiyo ni ya bibi, shangazi, au somo. Basi tunapowahimiza wazazi wawaeleze watoto wao kila kitu, kama inavyohimizwa katika semina nyingi, tunaagiza jambo ambalo mzazi mwenye adabu njema kabisa atalikataa kwa sababu ya adabu yake. Halafu tunamwita mzembe.

Hata hivyo siwaungi mkono wale wanaoandika juu ya unyago kana kwamba ni bustani ya Edeni iliyofungwa na wamisionari. Mafundisho yake mengi yalilenga kumfanya mwali ampendeze mume, na mwisho wa mafundisho ulikuwa tangazo kwamba sasa yuko tayari kuolewa. Kwa mtoto wa miaka 13 aliye darasa la sita tangazo hilo ni hatari. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilikwisha kusema kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Unyago nao hauna budi kusimama mbele ya hukumu hiyo.

Makanisa yamejaribu kuuchukua urithi huu kwa njia mbili zinazojulikana sana. Huko Masasi, Vincent Lucas wa UMCA, ambaye baadaye alikuwa askofu wa kwanza wa Masasi, alianzisha jando la Kikristo kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, lenye sala na Komunio badala ya tambiko. Kwa wavulana lilishika mizizi. Kwa wasichana kazi ilikuwa nzito zaidi, na si ajabu: misheni ya mapadre wasiooa ilikuwa ikijaribu kuongoza sherehe ambayo wanawake hawakukusudia kumwonyesha mwanamume yeyote. Kwa upande wetu wa Kilutheri, Bruno Gutmann huko Old Moshi alikusanya mafundisho ya jando na malezi ya Wachaga katika majalada matatu yaliyotoka kati ya 1932 na 1938, akawapanga vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo vya kutunzana kwa mfano wa urika wa zamani. Gutmann amelaumiwa kwamba aliipenda mila kuliko Wachaga wenyewe walivyoipenda, nami naona lawama hiyo ina haki. Lakini alielewa jambo moja ambalo shule zetu za bweni zimelisahau: kijana hafundishwi mambo haya na mtu apitaye mara moja kwa juma na kuondoka. Somo hubaki kuwa somo wa mwali wake hata baada ya ngoma kwisha. Mwali akipata shida ana mlango wa kugonga. Mwanafunzi wa kipaimara ana mlango gani?

Yusufu na Tamari

Kama kuna sura ya Biblia inayosomwa kwa vijana kuliko zote ni Mwanzo 39. Yusufu anashikwa vazi na mke wa Potifa, anakimbia. Mafundisho hufuata: vijana, ikimbieni zinaa. Sikatai maana hiyo. Lakini usomaji wetu umelichagua tukio moja na kuiacha hali nzima. Yusufu ni mtumwa aliyenunuliwa. Mke wa Potifa ndiye mwenye nyumba. Anamwambia siku baada ya siku, naye hana pa kwenda. Anapokataa, neno la mwenye nyumba linaaminiwa na lake haliulizwi, naye anatiwa gerezani. Katika mazingira ya Korogwe, Yusufu huyo si kijana anayejaribiwa na binti mwenzake. Anafanana na msichana wa kazi aliyeletwa mjini kutoka kijijini. Anafanana na mtoto wa kibarua wa mkonge anayetumwa dukani kwa mkopo, na mwanafunzi ambaye alama zake ziko mikononi mwa mtu anayemwita ofisini baada ya masomo. Sura hii imejaa mafundisho juu ya nguvu na madaraka, nasi tumeifanya onyo juu ya wanawake warembo.

Sura ambayo haisomwi ni 2 Samweli 13. Inafaa isomwe taratibu, maana kila mtu aliye ndani yake tunamfahamu. Yupo Amnoni anayejifanya mgonjwa. Yupo Yonadabu, rafiki mwerevu, mtoa shauri. Yupo Tamari, ambaye anasema, tena anasema vizuri: anakataa, anatoa sababu, anataja aibu itakayompata yeye na upumbavu utakaompata Amnoni, hata anatafuta njia ya kuahirisha. Hakuna mwalimu anayeweza kumwambia mtoto kwamba Tamari angejitahidi zaidi kukataa. Halafu yupo Absalomu, kaka mwenye huruma, ambaye shauri lake la kwanza ni kwamba anyamaze kwa kuwa mtenda ni ndugu. Na yupo Daudi, mfalme na baba, ambaye alikasirika sana, kisha hakufanya lolote. Tunazo kesi nyingi vijijini zinazokwisha hivyohivyo. Wazee wanakaa, fedha au mbuzi anatolewa, jambo linamalizwa kifamilia, na shahidi haonekani mahakamani. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016 ikaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, lakini kifungo hicho kirefu hakiwezi kuvuka kikao cha wazee walioamua kunyamaza, na mara nyingine mzee wa kanisa yumo kikaoni.

Huko Pietermaritzburg, Afrika Kusini, Gerald West na wenzake wa Ujamaa Centre walianza katika miaka ya 1990 kuisoma sura hii pamoja na wanawake wa sharika, wakiuliza maswali machache rahisi: ni nani waliomo, kila mmoja alifanya nini, na je, wanawake kama Tamari wapo kwenu? Njia hiyo ilifika mpaka Kenya. Uzuri wake ni kwamba anayesoma hahitaji kusimulia ya kwake. Anaweza kusema juu ya Tamari mpaka atakapokuwa tayari.

Nidhamu inayopinga Injili

Yote niliyoyasema hadi hapa ni ya darasani. Lakini wanafunzi hujifunza amri ya sita zaidi kwa yale wanayoyaona yakitendeka kuliko kwa yale wanayoambiwa. Wanaona wasichana wakipangwa mstari na kupimwa mimba kwa lazima, jambo lililoelezwa kwa kirefu katika taarifa ya mwaka 2013 ya shirika la Center for Reproductive Rights kuhusu shule za Tanzania. Kwa miaka mingi waliona aliyepatikana na mimba akifukuzwa, na kanuni za mwaka 2002 zilizoruhusu kufukuzwa kwa kosa la maadili zikitajwa. Mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba mwanafunzi aliyezaa asirudi shuleni. Mwezi Novemba 2021 serikali iliibadili njia hiyo, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukafungua mlango wa kurudi.

Ni jambo la kuhuzunisha kwamba katika miaka hiyo yote sauti ya kanisa ilisikika zaidi upande wa kufukuza. Sisi tunaokiri kwamba mwenye dhambi huhesabiwa haki kwa neema kwa njia ya imani, tulingoja wizara itufundishe kurudisha watu. Na hata sasa ninasikia hoja kwamba shule za kanisa zina maadili yake, kwamba mama kijana ataambukiza wengine. Ataambukiza nini? Mimba haiambukizi. Kama ni mfano mbaya, shule iliyojaa watoto wanaojua kwamba mwenzao alipoanguka alipokelewa imewapa mfano ambao hawataupata katika mahubiri kumi.

Pamoja na shule kuna usharika. Binti hutengwa na Meza ya Bwana, husubiri, hufundishwa, kisha hurudishwa kundini mbele ya watu wote. Sisemi kwamba kanisa lisiwe na nidhamu. Nasema nidhamu hiyo ina macho ya kuona tumbo tu. Mwanamume mhusika, ambaye mara nyingi si mwanafunzi na mara nyingine ni mtu mwenye mke, akiwa hakutajwa anaendelea kushiriki Jumapili ijayo. Na ikiwa binti alibakwa, kuna sharika ambazo hazina swali la kuutofautisha mkasa wake na wa mwingine. Anaanguka katika fungu lilelile la walioanguka katika amri ya sita.

Najua kwamba baadhi ya wasomaji wataona njia fupi zaidi katika mikutano ya nadhiri, ambapo vijana hutia sahihi kadi wakiahidi kungoja mpaka ndoa. Kampeni ya namna hiyo ilianzishwa na Wabaptisti wa Marekani mwaka 1993 na ikafika Uganda mwaka uliofuata. Watafiti Bearman na Brückner walionyesha mwaka 2001 kwamba nadhiri hizo huchelewesha kwa baadhi ya vijana, katika mazingira fulani. Lakini pia kwamba anayeivunja nadhiri huwa hajajiandaa kujikinga. Kwa upande mwingine wako wanaotegemea elimu ya afya peke yake. Nao wana la kujifunza kutoka Mwanza, ambako mpango wa MEMA kwa Vijana ulifundisha afya ya uzazi katika shule za msingi kuanzia 1999, kwa ratiba na walimu waliofunzwa vizuri. Vipimo vya 2002, na tena vya 2007 hadi 2008, vilionyesha kwamba vijana walipata maarifa zaidi, lakini maambukizo ya VVU na mimba havikupungua kwa kiasi cha kuonekana. Watu wazima waliowazunguka vijana hao walikuwa walewale. Hapa usharika una nafasi ambayo mradi hauna: kila Jumapili walio mbele ya mchungaji ni akina baba, wajomba, wafanyabiashara, walimu na madereva. Maelezo ya Luther juu ya maneno na matendo yanawahusu hao kwanza.

Kwa hiyo napendekeza mambo machache kwa sharika na shule za wilaya hizi mbili. Sehemu ya amri ya sita katika darasa la kipaimara ifundishwe na watu wawili, mchungaji pamoja na mama mmoja aliyechaguliwa na wazazi wenyewe, na mama huyo aendelee kuwa somo wa mabinti hao kwa miaka mitatu baada ya kipaimara. Na kwa wavulana achaguliwe mjomba wa namna hiyohiyo. Wavulana na wasichana wasome 2 Samweli 13 pamoja, katika chumba kimoja. Maneno ya kunajisiwa na kuharibiwa yaondolewe katika madaftari ya mafundisho, na mtoto aambiwe waziwazi ni nani wa kumwendea: mwalimu wa malezi, mama huyo, au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Wanafunzi wetu wa theolojia wajaribiwe katika jambo hili kabla ya kubarikiwa, kama wanavyojaribiwa kuhubiri. Na pale ambapo baraza la wazee linaandika katika kitabu jina la binti anayetengwa, liulize na jina la mwanamume, na umri wake, na kama binti aliridhia. Na pasipo majibu hayo matatu, kitabu kifungwe, shauri lipelekwe kwanza mahali linapostahili, na binti aje mezani pamoja na wengine Jumapili hiyohiyo.